Theluji Iliyo Karibu na Bukoba

Muulize mtu wa Bukoba mjini, wa Kamachumu au wa Nshamba theluji iliyo karibu naye iko wapi, naye atakutajia Kilimanjaro bila kusita. Ndivyo tulivyofundishwa shuleni. Ramani inasema vingine. Kutoka Bukoba hadi Kibo, kilele chake, kwa mstari ulionyooka, ni kama kilomita 645: uvuke ziwa lote, uipite Serengeti, kisha uendelee na safari. Kutoka Bukoba hadi kilele cha Margherita, katika milima ya Rwenzori, ni kama kilomita 290. Theluji ya jirani yetu iko kwenye mpaka wa Uganda na Kongo, na barabara ya kuiendea inapita Mutukula, Masaka na Mbarara hadi Kasese.

Swali ninalolichambua hapa limezidi kuulizwa na vijana wa Kagera waliosoma au kuishi nchi za baridi. Uhusiano wetu na Sweden ni wa miaka mingi. Mswidi Bengt Sundkler alikuwa askofu wa Kilutheri wa Bukoba kuanzia 1961 hadi 1964, na tangu hapo watu wameenda na kurudi. Wamejifunza kuteleza kwa skii huko, na wakirudi nyumbani Juni au Julai wanauliza: kwa kuwa huku kwetu kuna milima mirefu yenye weupe, je, mtu anaweza kubeba skii zake, apande mwenyewe kwa miguu mahali pasipo na mitambo ya kupandishia watu, akapata mteremko wa kushukia? Swali ni la haki, nami sitaki kulijibu kwa kicheko. Jibu lake linafundisha mengi juu ya milima yetu.

Tuanzie Bukoba penyewe, kwa hesabu ambayo mwanafunzi wa kidato cha pili anaiweza. Mji uko mita 1,140 hivi juu ya usawa wa bahari, na wastani wa joto lake kwa mwaka ni karibu nyuzi 21. Hewa hupoa kwa takriban nyuzi 6 kila unapopanda mita 1,000. Ili joto lishuke hadi sifuri inabidi upande mita 3,500 juu ya Bukoba, yaani ufike karibu mita 4,640. Hesabu hii ni ya makadirio, lakini inatosha kuipanga milima yetu katika makundi mawili. Elgon ina mita 4,321, Karisimbi ya Virunga 4,507, Meru ya Arusha 4,566. Yote mitatu inaishia chini kidogo ya mstari huo wa sifuri. Inaweza kuamka myeupe baada ya usiku wa mvua, na kufikia mchana weupe umekwisha. Juu ya mstari inabaki mitatu tu katika Afrika Mashariki yote: Kilimanjaro yenye mita 5,895, Mlima Kenya wenye 5,199, na Rwenzori yenye 5,109. Kwingine kokote, mwenye skii anabeba mzigo wa bure.

Karisimbi hata hivyo ina jambo linalotuhusu. Iko kwenye mgongo unaoyagawa maji ya Kongo na maji ya Nile, na maji ya upande wake wa mashariki huingia Nyabarongo, kisha Kagera, kisha Ziwa Viktoria. Weupe wa asubuhi moja pale juu ndio theluji pekee inayoweza kudaiwa kuwa ya Mto Kagera. Mpelelezi Speke alipokuwa mgeni wa Mukama Rumanyika huko Karagwe mwishoni mwa 1861, aliiona milima hiyo ya Virunga kwa mbali upande wa magharibi. Mkoa wetu umekuwa roshani ya kuitazamia milima hii tangu zamani.

Tena haukuwa roshani tu. Emin Pasha alianzisha kituo cha Wajerumani Bukoba mwezi wa Novemba 1890. Mwanzoni mwa 1891 aliondoka hapo kupitia Karagwe, akiwa na Franz Stuhlmann, na mwezi wa Juni mwaka huo Stuhlmann alipanda Rwenzori kwa upande wa magharibi hadi zaidi ya mita 4,000 na kuvikaribia vilele vyenye barafu. Mojawapo ya njia za kwanza za Wazungu kuifikia miinuko ya Rwenzori ilianzia ufukweni petu, ikabebwa mabegani mwa wapagazi ambao vitabu havikutaja majina yao. Leo kuna mlima unaoitwa Emin na kipito kinachoitwa Stuhlmann. Hakuna kilichopewa jina la Bukoba.

Sasa majira. Hapa ndipo mgeni kutoka Ulaya anapopotea, na kijana wetu aliyezoea kalenda ya huko anapotea pamoja naye. Ulaya theluji huanguka miezi ya baridi, na anayetaka kuteleza Julai huitafuta ile iliyosalia: kwenye makorongo yanayoelekea kaskazini, kwenye mabaki ambayo upepo uliyalundika, au kwenye barafu za kudumu kama za Zermatt na Hintertux. Kwetu, karibu na ikweta, Julai na Januari zinatofautiana nyuzi chache mno. Tofauti kubwa ni ya mchana na usiku. Kwenye kreta ya Kibo wastani wa mwaka mzima ni karibu nyuzi 7 chini ya sifuri, mwezi wowote ule. Kinachoamua kama kuna theluji mpya ni mvua, na mvua zetu ni mbili.

Mtu wa Bukoba ana kalenda nzuri ya jambo hili. Senene wakianguka kwa wingi Novemba na Desemba, vuli iko kazini, na siku hizohizo Kibo na Mlima Kenya hupakwa weupe mpya. Masika ya Machi hadi Mei huleta weupe wa pili, ambao mara nyingi ndio mzito zaidi. Kisha kinakuja kiangazi cha Juni hadi Agosti, ekyanda kwa Wahaya, nacho kinaula weupe huo siku baada ya siku. Kwa hiyo anayeuliza theluji ya Julai katika Afrika Mashariki anauliza masalia ya masika. Aje mwishoni mwa Mei au mwanzoni mwa Juni, njia zikiwa bado na matope na mawingu yakianza kufunguka. Agosti atakuta changarawe.

Historia inaliunga mkono jambo hili kwa namna ambayo sijaona ikisemwa. Mmisionari Johannes Rebmann aliiona theluji ya Kilimanjaro tarehe 11 Mei 1848. Mwenzake Ludwig Krapf aliuona Mlima Kenya kutoka Kitui tarehe 3 Desemba 1849. Mpelelezi Stanley aliiona Rwenzori tarehe 24 Mei 1888. Mei, Desemba, Mei: wote watatu waliona wakati mvua zikiwa zimeosha vumbi hewani na vilele vikiwa vimevaa theluji mpya. Angalia sasa waliopanda. Hans Meyer na Ludwig Purtscheller, wakisaidiwa na wenyeji ambao miongoni mwao hukumbukwa Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu, walifika kilele cha Kibo Oktoba 1889. Halford Mackinder alifika Batian, kilele cha Mlima Kenya, Septemba 1899. Duki wa Abruzzi, Mwitaliano, alifika Margherita Juni 1906. Kuona ni kwa majira ya mvua, kupanda ni kwa ukame. Mtelezaji anataka vyote viwili kwa pamoja, na ndiyo sababu dirisha lake ni jembamba sana.

Je, kuna aliyewahi kupita katika dirisha hilo? Yupo, na mapema kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1912 Wajerumani Walter Furtwängler na Siegfried König walipanda Kibo wakiwa na skii na kuzitumia wakati wa kushuka. Barafu iliyomo ndani ya kreta ina jina la Furtwängler hadi leo. Mwaka huohuo barafu yote ya Kibo ilipimwa ikawa karibu kilomita za mraba 12. Kufikia 2011 ilikuwa imebaki chini ya 2. Mteremko walioushuka watu wale wawili, kwa sehemu kubwa, sasa ni mwamba na jivu la volkano.

Kwenye Mlima Kenya, michezo ya barafu ilikuwa ya walowezi. Chini ya Barafu ya Lewis kuna kidimbwi kinachoitwa Curling Pond, kwa mchezo wa kusukuma mawe juu ya barafu. Lewis ilikuwa uwanja mpana wenye mteremko wa wastani, karibu na kilele cha Lenana ambacho mtembeaji wa kawaida anakifikia. Kwa skii palifaa kuliko popote pengine Afrika Mashariki. Pia ndiyo barafu iliyopimwa kwa muda mrefu na kwa uangalifu kuliko nyingine zote za tropiki, kwa kazi ya watu kama Stefan Hastenrath. Vipimo vyake vinahuzunisha: kati ya 1934 na 2010 ilipoteza kama asilimia 90 ya ujazo wake. Kilichobaki ni kipande kilichochakaa.

Mlima Kenya unafundisha jambo moja la ufundi ambalo mtafuta theluji lazima alijue. Kwa kuwa umekaa karibu kabisa na ikweta, jua huuzunguka. Juni hadi Septemba jua liko kaskazini, kwa hiyo makorongo ya kusini hukaa kivulini na kutunza barafu. Desemba hadi Machi mambo hugeuka. Wapanda barafu wa zamani waliifuata kanuni hii kama sheria. Ulaya upande wa kaskazini ni wa baridi daima; hapa upande wa baridi huhama mara mbili kwa mwaka.

Kibo inahitaji maelezo marefu kidogo, kwa kuwa picha zake hudanganya. Ukiiona kutoka Moshi asubuhi ya Mei, nyeupe mpaka mabegani, utadhani mtu anaweza kuteleza kutoka Uhuru hadi Barafu Camp. Ule weupe kwa kawaida ni tabaka lembamba juu ya changarawe nyeusi. Jua la ikweta linapopiga, changarawe hunyonya joto na kuila theluji kutoka chini, wakati mwingine ndani ya siku mbili au tatu. Theluji iliyoangukia juu ya barafu ya kudumu hukaa zaidi, lakini hewa ya kule juu ni kavu mno, na sehemu kubwa hugeuka mvuke moja kwa moja bila kuwa maji kwanza. Hugeuka mvuke kwa namna isiyo sawa, ikiacha miiba na mabamba yaliyosimama wima, mengine yakifika magotini na zaidi. Hakuna skii inayopita hapo. Kingo za barafu yenyewe ni kuta zilizosimama, ambazo mtu huzitazama tu. Wapandaji wengi huishia kuteleza kwa buti kwenye changarawe ya Gilman's Point au Stella Point wakati wa kushuka, na hilo, kwa kweli, ndio utelezaji wa uhakika wa Kilimanjaro.

Hiyo haina maana kwamba haiwezekani kabisa. Baada ya masika mazito, theluji ikiwa imejaza mabonde ya changarawe, usiku huigandisha ikawa ngumu, na kufikia saa nne au saa tano asubuhi uso wake hulainika kidogo tu. Saa hiyo moja ndiyo bora. Kabla yake skii hazishiki. Baada yake theluji inakuwa uji, na mawingu yameshapanda. Mtu anayetaka kujaribu lazima awe na mwongozaji mwenye leseni kama sheria ya hifadhi inavyotaka, aombe ruhusa mapema, na akumbuke kwamba kuvunjika mguu kwenye mita 5,600 si sawa na kuvunjika mguu kwenye kituo cha skii cha Ulaya. Anayetoka Bukoba, mita 1,140, mwili wake haujui kabisa hewa ile. Kichwa kikiuma na hatua zikianza kuyumba, skii ziachwe na mtu ashushwe, hata kama ni usiku.

Rwenzori ni hadithi nyingine. Kule tatizo la ukavu halipo. Mvua na ukungu havikomi, theluji ni nzito na yenye maji, na miamba hujengewa ukoko mnene wa barafu na upepo wenye unyevu. Uwanda wa barafu wa Mlima Stanley, mlima wenye kilele cha Margherita, unaofikiwa kutoka kibanda cha Elena kilicho mita 4,541, kwa umbo lake ndio mahali pa mwisho katika Afrika Mashariki panapofanana na uwanja wa skii: mpana kiasi, wenye mwinuko mdogo. Lakini njia ya kuufikia huchukua siku kadhaa za matope, magogo na mabwawa ya majani, na ukifika unaweza usione hata ncha za skii zako kwa ukungu. Miezi yenye nafuu ni Desemba hadi Februari, na Juni hadi Agosti. Wapagazi na waongozaji wa Kikonzo ndio wanaojua kila mwaka barafu imerudi nyuma kiasi gani na ngazi inahitajika wapi. Taarifa yao ni mpya kuliko ramani yoyote inayouzwa. Kwao pia theluji ile ni maskani ya mungu wao Kitasamba, na mgeni anapaswa kulikumbuka hilo kabla hajapiga kelele za furaha pale juu.

Mwaka 1906 barafu za Rwenzori zilikuwa kwenye milima sita na jumla yake ilizidi kilomita za mraba 6. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilikuwa imebaki karibu kilomita moja ya mraba. Milima ya Gessi, Emin na Luigi di Savoia ilishapoteza barafu zake zote, na sehemu kubwa ya kilichopo leo ni ya Stanley.

Kwa nini? Jibu la haraka ni joto la dunia, na kwa Rwenzori na Mlima Kenya jibu hilo linabeba uzito mkubwa. Kwa Kibo wataalamu kama Georg Kaser, Thomas Mölg na Douglas Hardy, ambaye kituo chake cha hali ya hewa kiliwekwa juu ya barafu ya kaskazini mwaka 2000, wameonyesha kwamba hewa ilianza kukauka na theluji kupungua tangu mwishoni mwa karne ya 19. Theluji mpya ikikosekana, uso wa barafu unakuwa mchafu na mweusi zaidi, unanyonya jua zaidi, na barafu inazidi kuliwa. Lonnie Thompson, aliyetoboa barafu ya Kibo mwaka 2000, alikadiria kwamba ingekwisha kati ya 2015 na 2020. Haikwisha. Wapo waliolitumia hilo kudai kwamba hakuna tatizo, nami naona wanakosea vibaya: tarehe ndiyo iliyokosewa, mwelekeo haukukosewa. UNESCO ilisema mwaka 2022 kwamba barafu za Afrika zilizo kwenye urithi wa dunia huenda zikatoweka kufikia 2050.

Lazima pia nipinge wazo linalorudiwa mno kwenye hotuba, kwamba barafu zikiisha, watu wa Afrika Mashariki watakosa maji. Kwa Kagera si kweli. Ziwa Viktoria hupata kama asilimia 80 ya maji yake kwa mvua inayolinyeshea moja kwa moja, na mito, ukiwamo Kagera ambao ndio mkubwa kuliko yote inayoliingia, huleta kilichobaki. Maji ya Rwenzori hayagusi ziwa letu. Hushuka hadi Ziwa Edward au moja kwa moja hadi Mto Semliki, hupita Semliki hadi Ziwa Albert, na ni pale tu, kwenye ncha ya kaskazini ya Albert, yanapokutana na maji yaliyotoka kwetu kupitia Jinja. Hata Kilimanjaro, sehemu kubwa sana ya maji ya Wachagga hutokana na mvua inayonaswa na msitu, si barafu. Mgomba wa Muleba unategemea mvua. Barafu inatuhusu kwa sababu inaandika habari za mvua hiyohiyo: mabadiliko yanayoikausha Kibo yanapita pia juu ya vibanja vyetu, ingawa sisi bado tunapata karibu milimita 2,000 kwa mwaka pale Bukoba na ni rahisi kudhani hakuna kilichobadilika.

Anayetaka kufuatilia theluji bila kuondoka nyumbani ana njia. Setilaiti za Sentinel-2 hupiga picha ya kila eneo takriban kila baada ya siku tano, na picha hizo hutolewa bure kwenye intaneti. Hata kwa simu, mtu akiwa Muleba, anaweza kuifungua Stanley au Kibo. Shida ni kutofautisha theluji na wingu, kwa kuwa vyote ni vyeupe. Achague picha inayotumia mawimbi mafupi ya infraredi: theluji huyanyonya mawimbi hayo na kuonekana ya samawati, mawingu mengi hubaki meupe. Walimu wa jiografia wangeweza kuligeuza jambo hili kuwa somo la muhula mzima bila kununua chochote.

Kuhusu skii zenyewe, hukumu yangu ni hii. Milima ya Afrika Mashariki haina tena theluji ambayo mtu anaweza kuipangia safari ya kuteleza, Julai au mwezi mwingine. Inayo theluji ambayo mwenye bahati, ujuzi na ruhusa anaweza kuikuta kwa saa chache baada ya masika. Wanamichezo wetu wa theluji wamelijua hili siku nyingi: Philip Boit wa Kenya, aliyeshindana Nagano mwaka 1998, alifanya mazoezi Finland, na Sabrina Simader, aliyeiwakilisha Kenya mwaka 2018, alikulia Austria. Ndugu zetu walioko Dubai wana ukumbi wa theluji wa ndani tangu 2005. Anayetaka mteremko wa kweli barani aende Afriski, Lesotho, kati ya Juni na Agosti, ambako ni majira ya baridi kweli na mashine huongezea theluji pale mbingu inapopungukiwa.

Lakini anayetaka kuiona theluji ya jirani yake asiende Lesotho. Aende Kasese, apandie Kilembe au Nyakalengija, Januari au Julai, na mwongozaji wa pale. Apige picha ya Stanley, aandike tarehe na mahali aliposimama, na picha hiyo aiweke mahali ambapo wanafunzi wa Bukoba na Muleba wataiona. Aende mwaka huu ikiwa anaweza.